Kutoka Marangu hadi Ziwa Eyasi: nilivyowafuata bakteria sugu kwa basi na bodaboda

Kazi yangu ni kuuza dawa. Nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu huku Gongo la Mboto, na kutwa nzima narudia "maliza dozi" mpaka koo linakauka. Ndiyo maana utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications ulininyima usingizi. Unahusu Wachagga, Waarusha na Wamasai wa kaskazini mwa nchi yetu. Watafiti walikusanya taarifa za kaya 425, wakaotesha bakteria 62,376 wa tumboni waliopatikana kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Hawakupata ushahidi kwamba kutumia antibaotiki kwa mifugo kunaongeza uwezekano wa kukuta bakteria sugu, yaani wasiouawa na dawa. Kilichohusiana na usugu, tena kwa nguvu, ni namna watu wanavyoishi: yale mambo yanayompa bakteria njia ya kutoka tumbo moja kwenda jingine.

Nikaomba likizo ya Julai, nikaenda kuziona hizo njia. Mimi si mtafiti na sikuchukua sampuli ya mtu yeyote. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kwa msaada wa daftari na picha za simu. Bei zote ni nilizolipa mimi. Wewe unaweza kupata nafuu ukijua kupatana.

Jumamosi: Mbezi hadi Moshi

Basi lilikuwa liondoke stendi ya Magufuli saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja na nusu bado tulikuwa tumekaa, dereva msaidizi akibishana na mtu kuhusu mzigo wa magodoro. Nauli elfu 42, siti ya dirishani. Ukisafiri Julai chukua sweta mkononi, usiliweke kwenye buti. Mimi nilianza kulitamani tangu Same na sikuweza kulifikia.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kipare aliyebeba ndoo ya samaki wakavu. Aliniona nasoma kwenye simu kwa saa nzima, akauliza, "Mwanangu, unasoma nini hivyo?" Nikamwambia nasoma kuhusu choo. Alicheka mpaka konda akageuka. Ila alitaka kujua zaidi, basi nikamsimulia nilichokuwa nacho mbele yangu: mwaka 2013 wanasayansi walichunguza vinyesi vya watu 162 wa China, Denmark na Hispania, wakatafuta jeni za usugu, yaani maelekezo anayobeba bakteria ya jinsi ya kuishinda dawa. Wachina walikuwa nazo nyingi kuliko Wadenmark na Wahispania. Na katika nchi zote tatu, jeni zilizoongoza zilikuwa za kushinda tetrasaiklini, dawa ya siku nyingi ambayo wanapewa watu na mifugo.

"Kwa hiyo wenzetu wa Denmark wana matumbo masafi?" akauliza.

Si usafi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliohusisha Wadenmark, Wahispania na Wamarekani, ulionyesha kwamba kiasi cha jeni hizo kinafuata matumizi ya dawa nchini, kwa watu na kwa wanyama pia. Mama akatikisa kichwa. "Basi si ndicho hichohicho mnachotuambia dukani?" Ndicho. Ndiyo maana matokeo ya kwetu kaskazini yalinikaa kooni: huko Ulaya dawa inaonekana kuwa mhusika mkuu, kwetu haikuonekana.

Tulisimama Mombo kula. Wali kuku elfu 7, kuku mdogo kama njiwa. Mkanda wa injini ulikatika kabla ya Same, tukakaa kando ya barabara hadi jua likapoa. Yule mama alitugawia samaki wakavu tuliokuwa karibu naye na hakupokea hata mia. Moshi tuliingia usiku. Gesti karibu na stendi, elfu 20, maji ya moto yapo kwenye ndoo ukiomba.

Jumapili: Marangu

Hiace ya Marangu Mtoni ni elfu 2 na inajaa haraka siku ya Jumapili kwa sababu ya watu wa kanisani. Kutoka Mtoni nilipanda boda kwa elfu 2 nyingine hadi kwa wazazi wa rafiki yangu wa chuo, walionikaribisha bila kuniona hata siku moja.

Baada ya shikamoo na kiburu (ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, sahani ambayo mtu wa pwani anaweza kuidharau mpaka aionje), mzee alinipeleka nyuma ya nyumba kuwaona ng'ombe. Wapo watatu, ndani ya banda la mbao, hawatoki nje. Majani wanaletewa, migomba iliyokatwakatwa wanaletewa, maji wanaletewa. Samadi inavutwa kwa jembe hadi kwenye shimo, inakaa humo wiki kadhaa, kisha inakwenda shambani chini ya kahawa na migomba. Ukiwa na jicho la bakteria unaona ukuta: ng'ombe wa jirani hawakutani na ng'ombe wa mzee.

Nikamuuliza ng'ombe akiumwa anafanyaje. "Nampigia daktari." Alinionyesha namba kwenye simu. Daktari wa mifugo anakuja na pikipiki, anachoma sindano, anaandika kwenye daftari siku ambazo maziwa hayatanywewa. Bibi alidakia kutoka jikoni: "Na hata siku nyingine huwezi kunywa maziwa hapa bila kuchemsha. Nani anywe maziwa mabichi?" Sufuria ilikuwa jikoni tayari, maziwa yamepanda hadi ukingoni, naye anayapuliza kwa ustadi yasimwagike.

Sikuwa nimeuliza habari ya kuchemsha. Kwao si kanuni ya afya, ni maziwa tu yanavyonywewa.

Mzee alinipa mbege kwenye kibuyu, nikanywa polepole kwa heshima. Niliporudi Moshi mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na mlima sikuuona hata ncha.

Jumatatu: Arusha, kwenye maabara

Coaster ya Moshi hadi Arusha, elfu 4, hakuna la kusimulia ila foleni ya Tengeru.

Rafiki yangu mwingine ni fundi wa maabara mjini Arusha. Aliniruhusu nisimame nyuma ya kioo, kisha akanitolea sahani kadhaa mlangoni zikiwa zimefungwa. Hii ndiyo sehemu ya safari ambayo ningependa kila muuza dawa aione.

Sahani ya kwanza ina chakula cha bakteria kinachoitwa MacConkey, rangi yake kama divai iliyochujuka. E. coli, bakteria wa kawaida kabisa wa utumbo wa mtu na mnyama, wanapoota juu yake hutoa madoa ya waridi iliyokolea, madogo kama mbegu za mchicha. Sahani ya pili ni ileile, ila imechanganywa na tetrasaiklini. Bakteria waliotolewa kwenye sahani ya kwanza wanaguswa kwa kijiti na kuwekwa kwenye ya pili. Wakifa, sahani inabaki tupu. Wakiota, ni sugu. Sahani aliyonionyesha ilikuwa na madoa ya waridi karibu kila palipoguswa. Dawa imo na wamejaa juu yake.

"Hawa hawakuumizi," alisema. "Wamekaa tu tumboni. Ila siku mmoja akiingia kwenye mkojo au damu, utamtibu kwa nini?"

Akanieleza pia jambo la plasmidi: kipande kidogo cha mviringo cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpasia mwenzake, hata wa aina nyingine. Bakteria aliyetoka kwa ng'ombe anaweza kukaa tumboni mwako siku chache tu, akafa, na usugu wake akakuachia kwa bakteria wako mwenyewe. Ndipo nilipoelewa sehemu nyingine ya ule utafiti wa 2020: waliposoma jenomu (DNA nzima) 816 za E. coli hawakukuta kundi la watu peke yao na kundi la ng'ombe peke yao. Wote walikuwa mchanganyiko mmoja, watu na mifugo na wanyama wa porini.

Ushauri kwa atakayepita Arusha Julai: usiku ni baridi kweli. Gesti za elfu 25 maeneo ya Kaloleni zina blanketi moja. Omba la pili mapema, yanaisha.

Jumanne: Ngaramtoni

Daladala ya Ngaramtoni ni jero na mia mbili. Hapa ni kwa Waarusha, watu wa mteremko wa Mlima Meru wanaozungumza Kimaa kama Wamasai lakini wanalima mahindi na maharage kama Wameru. Hata ng'ombe wao wako katikati: asubuhi wanafungwa kamba kando ya nyumba, mchana kijana anawapeleka kandokando ya barabara kutafuta majani.

Nilitaka kuona duka la pembejeo. Nilisimama pembeni ya kaunta kwa ruhusa ya muuzaji, nikaona biashara ninayoijua vizuri, ila wagonjwa hawapo. Mteja anakuja, anasema "ng'ombe hali, anatetemeka", anauziwa chupa ya oksitetrasaiklini, ndugu ya tetrasaiklini, pamoja na sindano, anaondoka. Nikaomba kuisoma chupa. Kimiminika cha rangi ya kahawia, na maandishi madogo: maziwa yasitumike siku 7, nyama siku 28. Ndogo kiasi kwamba ilibidi nitumie kamera ya simu kuyakuza.

"Wanasubiri siku 7?" nikamuuliza muuzaji.

"Wewe wateja wako wanamaliza vidonge?"

Hatukuendelea na mada hiyo.

Mchana nilikula loshoro kwa mama mmoja nyuma ya soko, bakuli elfu 2: mahindi yaliyokobolewa yakapikwa hadi yakalegea, juu yake maziwa mgando. Maziwa hayo yanatiwa baridi baada ya mahindi kuiva, hayapikwi. Ni tamu na nilijaza bakuli tena.

Jumatano na Alhamisi: Longido

Noah za Namanga zinaondokea stendi ndogo zikijaa, na kujaa kwake ni watu tisa penye nafasi ya saba. Elfu 6 hadi Longido. Barabara ni lami safi, lakini ukishuka tu upepo unakupiga vumbi usoni. Mwenyeji wangu, kijana wa Kimasai aliyewahi kulinda jengo karibu na duka letu Dar, alinisubiri na pikipiki ya kukodi. Tukaingia porini mwendo wa kama saa moja hadi boma la baba yake, elfu 15 kwenda.

Sopa, ipa. Watoto wakaja kuinamisha vichwa niwaguse. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, akanikagua, akauliza nimefuata nini. Kijana akamtafsiria, na mzee akasema kitu kilichowafanya wote wacheke. "Anasema umetoka Dar kuja kutazama mavi ya ng'ombe, wakati Dar kuna ya watu."

Hana makosa.

Jioni ng'ombe waliporudi niliona nilichokuja kuona. Mzee alimtenga ndama mmoja aliyezembea, akamshika tezi chini ya sikio, akasema "oltikana", ndigana kali. Mwanawe mkubwa akaleta mkoba uliotundikwa ndani ya nyumba. Ndani mna chupa zilizotumika nusu, sindano ya plastiki ya kurudia, na bomba la chuma. Alipima dozi kwa macho, akachoma shingoni, akafuta sindano kwa shuka lake, akairudisha mkobani. Dakika tatu, hakuna daktari. Daktari wa karibu yuko Longido mjini na pikipiki ni elfu 15 kwenda, kama nilivyokwisha kulipa.

Ndigana kali inaletwa na kimelea kinachobebwa na kupe, si bakteria, na oksitetrasaiklini haiitibu. Ina dawa yake ghali zaidi. Nilimwambia kijana, naye akajua tayari. "Hii ni kama huna ile." Lakini kuna kisa cha ziada. Chanjo ya ndigana kali inayotumika sana kwa wafugaji wa kaskazini ni kumpa ndama vimelea hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa usimzidi nguvu huku mwili ukijifunza. Kwa hiyo hata ndama aliyekingwa vizuri, kwa mtaalamu na karatasi zote, amepita kwenye antibaotiki. Ukisema "acheni kutumia dawa" mbele ya mzee huyu, unamwambia aache ndama wafe.

Asubuhi ya Alhamisi nikawa na koko, mama yake mzee, wakati wa kukamua. Kwanza alichukua kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mzeituni wa mwituni, akakiingiza ndani ya kibuyu, akakisugua huku na huku mpaka moshi ukajaa, kisha akakung'uta majivu. Harufu yake ni nzuri mno, moshi wenye utamu. Maziwa yakaingia humo moja kwa moja kutoka kwenye chuchu, na povu lake. Mtoto wa miaka mitatu hivi akapewa kikombe palepale, joto la ng'ombe bado limo.

Nikauliza kwa adabu kwa nini hawachemshi. Koko alijibu kwa Kimaa, mjukuu akatafsiri: maziwa ya chai yanachemka kwenye chai, haya ni ya kunywa, ukiyachemsha umeyaua. Moshi wa oloirien huyapa maziwa ladha na huyasaidia yasiharibike mapema, na yakiganda kwenye kibuyu uchachu unawapunguza baadhi ya wadudu. Hauwamalizi. Nikatazama njia nzima kwa macho yangu: kwato, samadi iliyokauka kwenye kiwele, mkono, kibuyu, kikombe, mtoto. Na njia ya pili iko mita mia kadhaa kutoka bomani, kwenye lambo la maji ambako ng'ombe, punda, mbwa na, kwa nyayo nilizoonyeshwa, pundamilia wanakunywa, na wanawake wanachota upande mwingine kwa madumu. Bomba la maji kutoka Mto Simba limefika Longido mjini, huku bado.

Hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa kichwani mwangu. Dawa inawaua wanyonge na kuwaacha sugu, hilo halibadiliki Marangu wala Denmark. Tofauti ni kinachofuata. Kwa mzee wa Marangu, bakteria sugu akitoka kwa ng'ombe anakutana na shimo la samadi na sufuria inayochemka. Hapa anakutana na milango iliyo wazi pande zote, na akishaenea kwa watu wote na mifugo yote ya eneo, huwezi tena kuona tofauti kati ya kaya iliyochoma sindano nyingi na iliyochoma chache. Wote wanachota lambo moja. Nafikiri ndiyo maana watafiti hawakuiona dawa ya mifugo kwenye hesabu zao, na sidhani kama hilo linaitakasa dawa.

Jioni hiyo tumbo langu likaanza kunguruma. Sijui ni maziwa, maji au loshoro ya juzi. Usiku niliamka mara nyingi, nje baridi na mbwa wananifuata. Mwenyeji wangu alikuwa na amoksilini kwenye mfuko wa shati, vidonge vimefungwa kwa karatasi, akanipa kwa moyo wote. Nikamshukuru na nikavikataa. Mkoba wangu una pakiti za maji ya chumvi na sukari, nikachanganya na maji ya chai yaliyochemka. Koko alinikorogea uji mwembamba na kukaa nami karibu na moto mpaka nilipopata nafuu. Alikataa hela, akapokea sukari kilo mbili niliyoituma baadaye.

Kwa wasafiri, hili ni la kuzingatia. Waholanzi waliwapima wasafiri wao 2,001 kabla na baada ya safari za nchi za joto. Kati ya wale ambao hawakuwa na bakteria wa aina sugu sana inayoitwa ESBL, asilimia 34 walirudi nao matumboni. Waliotumia antibaotiki safarini walikuwa hatarini zaidi, maana dawa inafagia wenyeji wa utumbo na kuwaachia wageni nafasi. Wengi huwapoteza ndani ya miezi michache, wachache hukaa nao mwaka. Kuhara kwa kawaida, bila damu wala homa kali, kunywa maji ya chumvi na sukari kwanza. Ukiona damu au homa, nenda zahanati.

Ijumaa na Jumamosi: Karatu, kisha Mang'ola

Ijumaa nililala. Jumamosi coaster ya Karatu, elfu 10, halafu gari la Mang'ola, elfu 8, barabara ya vumbi jekundu inayotikisa hadi meno. Wenzangu wote walikuwa wanafuata vitunguu. Mang'ola ni vitunguu kama Marangu ilivyo ndizi. Mfanyabiashara mmoja wa Singida alinipa siti yake ya mbele kwa kuona nilivyopauka, yeye akakaa juu ya magunia.

Kwa wanaotaka kuwatembelea Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kando ya Ziwa Eyasi: pitia ofisi ya utalii wa utamaduni Mang'ola, lipia kiingilio na mwongozaji wa eneo. Mtanzania analipa pungufu sana kuliko mgeni, beba kitambulisho. Usiende moja kwa moja kambini ukaanza kupiga picha, hata kama dereva wa boda anakwambia anawajua.

Jumapili: kando ya Ziwa Eyasi

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. "Mtana," mwongozaji akawasalimu, wakajibu. Wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka moto, wanawake upande wa pili. Kiswahili wanakijua, hivyo tuliongea bila mkalimani. Mama mmoja alinichukua kuchimba mizizi: fimbo iliyochongwa, anagonga ardhi kusikiliza, anachimba, anatoa mzizi mrefu wenye nyuzi, anauchoma kidogo, anaumenya. Unautafuna, unanyonya maji yake, unatema nyuzi. Mchanga unabaki kwenye fizi.

Mchanga huo nilikuwa nimeusomea. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinyesi vya Wahadzabe, watu wanaokutana na dawa za hospitali mara chache kuliko karibu sisi sote, na wakakuta jeni za usugu. Mwaka huohuo ikatoka habari ya Wayanomami wa Venezuela, wa kijiji ambacho timu ya afya ilikifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2009: nao walikuwa nazo, zikiwemo za kushinda dawa zilizotengenezwa maabara. Inashangaza mpaka ukumbuke antibaotiki nyingi zinatoka wapi. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni, ambao hutengeneza sumu kupigana na wenzao, na wenzao hutengeneza kinga. Kwenye ardhi iliyoganda kwa barafu huko Yukon, Kanada, ya miaka 30,000 iliyopita, zimekutwa jeni za kushinda penisilini na tetrasaiklini. Vita hii ilikuwapo kabla ya duka la kwanza la dawa. Sisi tumewapa tu walio sugu nafasi ya kuzaliana kuliko wengine.

Nilimuuliza yule mama wanapoumwa wanafanyaje. Akataja mizizi miwili, gome la mti mmoja, halafu akasema, "Na zahanati Mang'ola. Wanatupa vidonge." Ng'ombe wa Wadatoga walikuwa wanapita chini yetu kwenda kwenye chemchemi ileile aliyochotea maji asubuhi.

Vijana walirudi na ndege watatu, wakachoma bila kutoa matumbo. Wakanipa. Nikala ubuyu.

Jumatatu: Karatu, kwenye duka la mwenzangu

Nikisubiri basi la kurudi nilipita duka la dawa muhimu la dada mmoja niliyesoma naye kozi. Nilimsimulia yote huku akihudumia wateja, nami nikamsaidia kusoma vyeti vya daktari viwili visivyosomeka. Kijana akaja kuomba amoksilini za elfu moja, "za kuanzia". Dada akamkatalia, akamweleza, kijana akanuna, akavuka barabara kwenda duka la pili. Tulimwona akitoka na kifuko.

"Umeona?" akasema. "Nikikataa mimi, anapata pale. Halafu wewe umezunguka mlima na ziwa kuja kuniambia tatizo ni maziwa na maji."

"Nimekwambia ni vyote. Ila kuna kimoja hatukiuzi."

"Kipi?"

"Vidonge vya kutibu maji ya kunywa. Unavyo?"

Akainama chini ya kaunta, akapekua, akatoka na boksi tupu lililotiwa kalamu na pini. "Viliisha muda mrefu. Havina wateja."

"Mimi pia sina dukani," nikamwambia. Akachukua daftari la oda, akauliza boksi moja linaingia vipande vingapi, tukaanza kutafuta bei ya jumla kwenye simu mpaka basi likapiga honi.